Vijana wamejaa mjini, fundi wa lipu hapatikani

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina kampuni ndogo ya ujenzi hapa Arua. Kwa sasa nina nyumba mbili za kupanga huko Mvara na madarasa manne upande wa Terego. Kila asubuhi nikifika saiti nakuta vijana wamenizunguka wanaomba kazi, na wengine wana vyeti vya uashi mkononi. Nikimpa mmoja ukuta apige lipu, jioni naibandua. Mafundi wangu wawili wa kutegemewa ni watu wazima, na mmoja ameshaniaga, anakwenda Juba. Kwa vigae na dari za jasi naita watu kutoka Kampala, nawalipia basi na chumba. Je, tatizo ni vyuo, ni vijana, au ni sisi makandarasi? Nilete mafundi kutoka nje? Na nikimfundisha mtu, nitamzuiaje asiondoke?
Mkandarasi, Arua

Jibu: Ndugu yangu, salamu nimezipokea. Umetaja vyuo, vijana na makandarasi. Wote watatu wamo, ila mizigo yao hailingani, na ukilaumu pasipostahili utapeleka pesa pasipofaa. Nionavyo mimi, Uganda haina uhaba wa watu wa ujenzi, wala haina uhaba wa watu waliosomea ujenzi. Inachokosa ni watu waliokaa miaka mitatu minne chini ya fundi mzuri, kazi ileile, wakisahihishwa kila siku. Miaka hiyo ya kati haina mlipaji. Chuo hulipiwa na mzazi, serikali au shirika. Fundi kamili hulipwa na mwenye nyumba. Huyu wa katikati, anayeharibu kidogo na kuchelewesha kidogo huku mkono ukizoea, hapati mtu wa kubeba hasara yake.

Kumbuka jinsi fundi wetu alivyokuwa akipatikana. Kijana anaingia saiti kama pota. Anabeba karai, anachekecha mchanga, anachanganya. Baada ya miezi kadhaa anajua kwa mlio wa chepe tu kwamba mota, ule mchanganyiko wa kujengea, imezidi maji. Fundi akienda kula, kijana anaokota mwiko na kujaza viungo kwenye ukuta wa choo, pale ambapo hata mwenye nyumba haangalii. Fundi anarudi, anatazama, anakwangua au ananyamaza. Akinyamaza, huo ni ufaulu. Baadaye kijana anapewa kazi ya katikati ya kamba: fundi anasimamisha pembe mbili kwa timazi, kijana anapanga tofali kati ya pembe hizo. Pembe yake mwenyewe anaipata baada ya mwaka au zaidi. Lipu huja mwisho kabisa, kwa sababu kwenye lipu hakuna kamba ya kuegemea. Jicho na kiganja ndivyo vinavyofanya kazi.

Kilichovunja ngazi hiyo, zaidi ya kitu kingine chochote, ni namna tunavyolipa. Kazi nyingi leo hugawiwa kwa kipimo: ukuta kwa idadi ya tofali, lipu kwa mita ya mraba. Mkandarasi analala usingizi, maana gharama yake anaijua mapema. Lakini hebu tupige hesabu. Tuseme lipu unailipa shilingi 4,000 kwa mita ya mraba, na fundi wako pamoja na pota wake wanamaliza mita 12 kwa siku. Ni 48,000. Siku atakayomwachia kijana ashike mwiko, amwonyeshe, amsahihishe, wabandue na kurudia, watamaliza mita 9. Ni 36,000. Kwa hiyo kila siku anayofundisha, fundi anatoa 12,000 mfukoni mwake, na atakayefaidi ni wewe, au mwenzako atakayemchukua kijana huyo mwaka kesho. Ningekuwa mimi fundi huyo, kijana asingegusa mwiko wangu.

Halafu ipo kanuni ambayo nia yake ni njema. Kanuni za Ajira za 2011 hazimruhusu mwajiri kumweka mtu kama kibarua zaidi ya miezi minne. Akipita hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki za mwajiriwa. Matokeo yake kwenye saiti unayajua. Mwezi wa tatu ukielekea ukingoni foremani anaanza kusema kazi imepungua, kijana anapumzishwa, wiki inayofuata anaitwa mwingine. Karatasi za kampuni zinabaki safi na kijana anaanza upya kwa bosi mwingine, kwa karai lilelile. Ukimpa miaka mitano ya namna hiyo, utakuwa na mtu aliyerudia mwezi wa kwanza wa ufundi mara nyingi sana. Kima cha chini cha mshahara nacho hakimsaidii. Kilichopo kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, hakijabadilika tangu 1984, na leo hakinunui hata hilo karai.

Bodaboda, kwa upande wake, inamlipa kijana jioni ya siku ya kwanza. Mimi simlaumu anayeipanda.

Sasa vyeti. Kwanza tofautisha kilicho nyuma ya kila cheti. Yupo aliyekaa miaka miwili katika chuo kama Ragem au Omugo. Yupo aliyepitia kozi ya miezi mitatu au sita iliyolipiwa na shirika, na kozi hizo ni nyingi West Nile tangu wakimbizi walipoongezeka na makazi ya Bidi Bidi kufunguliwa 2016. Wapo wazee wenye tredi testi za zamani, yaani vyeti vya mitihani ya ufundi, Grade Three, Two na One, zilizotahiniwa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, yaani DIT. Ukibahatika kupata mzee wa Grade One aliyebaki na nguvu, usimpe ukuta. Mpe vijana.

Hawa wa chuo, nenda siku moja karakanani kwao ukaone wanavyojifunza. Chuo chenye bajeti finyu huweka saruji kwa ajili ya mtihani. Mazoezi ya kila siku ni kwa mota ya udongo na mchanga: asubuhi wanajenga, jioni wanabomoa, wanakwangua tofali, kesho wanajenga tena kwa tofali zilezile. Kwa kunyoosha ukuta, mazoezi hayo yanatosha. Timazi haijali kilichomo ndani ya mota. Kwa lipu hayatoshi hata kidogo. Lipu ya saruji ina saa yake. Unaitupa ukutani, ukuta unaanza kunyonya maji, unasubiri ikaze kiasi, unapitisha rula, unasubiri tena, ndipo unapitisha kibao kwa mwendo wa duara. Ukiwahi, inateremka. Ukichelewa, haifungi tena, na kijana anaanza kuirashia maji ili ilainike, na hapo ndipo uso unapovunjika nyufa nyembamba baada ya wiki mbili. Saa hiyo hubadilika kwa jua, kwa aina ya tofali, kwa upepo wa Januari. Huwezi kuijifunza kwa udongo, kwa kuwa udongo haushiki. Kwa hiyo kijana mwenye cheti hakukudanganya. Amesomea uashi karibu bila saruji, na hakuna aliyemwambia.

Nikuulize na wewe jambo moja kabla hujambandulia mtu lipu tena: tofali zako zikoje? Tofali zetu za kuchoma, za tanuru la kijijini, hazilingani. Moja ni ndefu kwa sentimita nzima kuliko jirani yake, nyingine imepinda kwa moto. Mjenzi hunyoosha uso mmoja wa ukuta, na upande wa pili unabaki na mabonde. Anayepiga lipu upande wa pili anakuta sehemu inayotaka unene wa milimita 12 imekaa karibu na inayotaka 40. Milimita 40 kwa mkupuo mmoja lazima iteremke, hata ungemleta fundi kutoka mbinguni. Inatakiwa ipigwe kwa tabaka, ya kwanza ichorwe mistari na kuachwa ikauke hadi kesho, ndipo ya pili ifuate. Je, ratiba yako inampa siku hiyo ya pili? Kama haimpi, sehemu ya lipu unayoibandua jioni ni kosa la aliyenunua tofali.

Waliojua wako wapi? Wengine wamezeeka, kama wako. Sehemu nyingine ni historia. Mabradha wa Komboni, wamisionari Wakatoliki, walifundisha uashi na useremala katika misheni za kaskazini, na kazi ya mikono ya wanafunzi wao bado imesimama mbele ya macho yetu. Mijini, sehemu kubwa ya ufundi wa majengo, mabomba na umeme ilikuwa mikononi mwa Waasia, na Idi Amin alipowapa siku 90 za kuondoka mwaka 1972, warsha zilibaki na funguo bila walimu. Vita vilivyofuata havikujenga kitu. Baadaye likaja soko la Juba, baada ya mkataba wa amani wa 2005 na zaidi baada ya uhuru wa Sudan Kusini 2011. Arua, Koboko na Gulu zilipeleka mafundi wengi. Wengi wao walirudi mbio mapigano yalipozuka Desemba 2013 na tena Julai 2016, na wengine wakaenda tena. Fundi wako anajua hatari ya Juba kuliko mimi na wewe, lakini anaenda. Hilo likuambie kitu juu ya malipo yako.

Na kuna kazi za Ghuba ya Uarabuni, na kuna Hoima kwenye mafuta. Bomba la mafuta la kutoka Kabaale hadi Chongoleani karibu na Tanga, kilomita 1,443, lilihitaji wachomeleaji wanaoweza kuchomelea bomba lililolazwa kwa mwinamo wa digrii 45 bila kulizungusha, na mshono ukapigwa eksirei. Watu wa namna hiyo hawapatikani kwa tangazo la redio. Vijana wa hapa waliofunzwa na kupata cheti cha kimataifa hawawezi tena kurudi kwenye mageti ya madirisha kwa bei ya mageti. Hivi ndivyo miradi mikubwa inavyofanya kwa kampuni ndogo: inachukua watano bora, na ikimaliza inawarudisha wakiwa ghali, au wakiwa wamefanya jambo moja tu kwa miaka minne. Nimekutana na kijana aliyefunga nondo kwenye mradi mkubwa miaka mingi, hodari kabisa, lakini hajawahi kusoma mchoro hata mmoja. Alipewa nondo zilizokwisha kukatwa.

Hapo nisimame kidogo kwenye nondo, kwani ndiko uhaba unaponitisha. Lipu mbaya unaiona jioni ileile. Nondo mbaya inafunikwa na zege, na haionekani mpaka jengo liseme lenyewe. Mwaka 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kwenye barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua wafanyakazi, na si ya mwisho. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo tangu 2013, lakini sheria haikunji ringi, zile nondo nyembamba zinazozunguka nguzo. Kesho ukifika Terego, kagua nguzo moja kabla haijafungwa mbao. Ncha za ringi zimekunjwa kuingia ndani, kwenye moyo wa nguzo, au zimeachwa zimepanuka kama pini? Vipande vya zege vya kuitenga nondo na mbao vipo, au wamesukumia kokoto? Nani anamwagilia zege siku ya pili, ya tatu, hadi ya saba, na yuko kwenye orodha ya malipo au anafanya kwa hisani? Kama huna fundi wa lipu utapata aibu. Kama huna fundi wa nondo, utapata kesi.

Twende kwenye la kufanya.

Acha kuajiri kwa cheti na acha kuajiri kwa maneno. Wape vijana nafasi ya kujaribiwa, na uwalipe siku hiyo. Mpe kila mmoja tofali, kamba, timazi na mota ya saruji, umwambie asimamishe pembe ya kozi sita, yaani mistari sita ya tofali. Usitazame pembe, mtazame yeye. Alilowesha tofali kabla? Alipima pembe ya mraba kwa pembetatu ya 3, 4, 5 au alikadiria? Alishusha timazi kila baada ya kozi ngapi? Kisha ondoka, urudi baada ya chakula cha mchana, uone anachofanya na mota iliyobaki. Mota ya saruji itumike ndani ya saa moja hivi. Anayeimwagia maji iliyokwisha kushika na kuikoroga upya atakuharibia kazi kwa miaka, na anayeitupa pembeni bila kuambiwa, mshike huyo hata kama pembe yake imepinda. Kupinda kunarekebishika.

Chagua wawili au watatu tu. Umwekee kila fundi mzee mmoja, na ile hasara ya 12,000 kwa siku uibebe wewe. Mlipe fundi malipo yake ya kipimo kama kawaida, halafu juu yake umpe nyongeza ya kufundisha: 12,000 mwezi wa kwanza, 8,000 wa pili, 4,000 wa tatu. Kwa siku 24 za kazi kila mwezi, jumla kwa fundi mmoja ni 576,000. Andika namba hiyo karibu na gharama zako za kuleta watu kutoka Kampala, basi, chumba na chakula, uone. Kufikia mwezi wa nne kijana anapiga tabaka la kwanza, mzee anafuata na la mwisho, na wawili hao watapita mita 12 kwa siku bila taabu. Ila weka sharti moja: nyongeza inalipwa Jumamosi baada ya wewe mwenyewe kuweka rula ya mita mbili kwenye ukuta wa kijana, si wa mzee. Bila sharti hilo mzee atachukua pesa na kijana ataendelea kubeba karai.

Mpango huu una mwiba. Fundi mzee anaweza kuona anamfundisha atakayemtoa kazini. Zungumza naye faragha, tena kwa heshima ya umri wake, usimtume foremani wa miaka 25 akamwambie. Mwambie waziwazi atakuwa nani baada ya mwaka: mkuu wa kikosi cha lipu, analipwa kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Uwezekano ni mkubwa kwamba huyo anayekwenda Juba angebaki kwa sharti hilo moja la mvua. West Nile mvua inaanza Machi au Aprili, na kila fundi anajua miezi hiyo anakula akiba.

Kuhusu karatasi. Kijana wako akishaiva, na hata mzee asiye na cheti chochote, watahiniwe. Ipo njia ya PAS, inayomtambua mfanyakazi kwa ujuzi alioupata kazini. Anapimwa kwa vitendo katika kile anachokifanya, na anapewa kitabu kinachoorodhesha kazi anazoziweza. Ilianzishwa na DIT. Chini ya Sheria ya TVET, yaani ya elimu na mafunzo ya ufundi, ya 2025 utahini umehamia kwenye bodi mpya, UVTAB, kwa hiyo ulizia huko. Makandarasi wengi hukwepa njia hii wakidhani fundi akipata karatasi atapandisha bei. Ni kweli, atapandisha. Lakini zabuni za taasisi zinapodai orodha ya wafanyakazi wenye sifa, wewe ndiye utakuwa nayo, na jirani yako atakuwa anaazima vyeti vya watu wasiokanyaga saiti yake.

Umeuliza utamzuiaje asiondoke. Humzuii. Wapo wanaoshikilia vyeti vya kijana kabatini, au wanaomzuilia mshahara wa miezi miwili ili asitoroke. Usifanye hivyo. Ni kinyume cha sheria, na habari hizo hufika mtaa wa Oli kabla ya jua kuzama, nawe hutapata tena kijana mwenye akili. Kinachofanya kazi ni cha kawaida mno. Mkataba wa maandishi kabla ya mwezi wa nne. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo tangu marekebisho ya 2022 inamhusu kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja: unachangia asilimia 10, anakatwa 5. Vifaa vyake mwenyewe, vizuri, unavyomkopesha na kumkata kidogo kidogo. Na ngazi ya malipo iliyobandikwa ukutani, kila mtu aione: pota, mwanafunzi wa kwanza, mwanafunzi wa pili, fundi, mkuu wa kikosi. Tofauti kati ya pota na fundi ikiwa ndogo, kijana mwenye akili hana sababu ya kuhangaika na timazi. Hata hivyo, katika watatu mmoja ataondoka. Weka hasara hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo, kama unavyoweka tofali za kuvunjika.

Bora zaidi, ongea na makandarasi wengine wawili watatu wa Arua. Nchi jirani zimelitafutia dawa tatizo hili kwa tozo: Kenya kila mwajiri hulipa shilingi 50 za kwao kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, zinazokwenda NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwanda, na Tanzania ina tozo yake ya kuendeleza ujuzi. Yaani anayefundisha na anayenyakua wote wanachangia. Kwenu mnaweza kuanza na jambo dogo: kubaliana kwamba anayemchukua mwanafunzi wa mwenzake kabla mwaka haujaisha anarudisha nyongeza ya ualimu iliyolipwa. Na nendeni pamoja Ragem mkaongee na wakufunzi. Wanahitaji saiti za mafunzo kwa vitendo kuliko mnavyodhani. Wapeni nafasi, na pelekeni mifuko michache ya saruji ibaki karakanani. Mfuko huo utawarudishia zaidi ya tangazo lolote la kazi.

Umeme na mabomba siyagusi kwa kirefu, kwani hali yake ni nafuu. Fundi umeme wa majengo anatakiwa awe na kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, chenye daraja lake. Daraja hizo zimempa kijana sababu ya kupanda na zimempa mwajiri kitu cha kukagua. Mwashi hana kitu kama hicho kinachomlazimu, na matokeo unayaona.

La mwisho, kuleta watu kutoka nje. Leta, ila usianzie mbali. Makazi ya Rhino Camp na Imvepi yako karibu nawe, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Kati yao wapo waashi na maseremala waliojenga Yei na Juba yenyewe, wasio na karatasi kwa sababu karatasi zilibaki huko. Kiryandongo nako imepokea Wasudani wengi tangu vita vya Aprili 2023, watu waliozoea ujenzi wa mijini. Tangaza siku ya majaribio kupitia viongozi wa makazi, pembe ileile ya kozi sita. Utaongea nao Kiswahili au Kiarabu cha Juba, na kikosi chako kina watu wanaovijua vyote viwili.

Wa kutoka Kenya au Congo kwa ajili ya vigae na jasi, pitia kwanza ofisi ya Uhamiaji uulize kibali, hata kama nchi yake imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, lakini halijafuta vibali. Wahandisi wa Uganda, Kenya na Tanzania walitiliana saini 2012 kutambuana sifa zao. Fundi wa mwiko bado anavuka mpaka kwa simu ya rafiki. Mgeni huyo umwandikie mkataba wa vyumba, si wa siku, na ndani yake uandike kwamba vyumba viwili vya mwisho vitawekwa vigae na kijana wako, yeye akisimamia, kwa bei ileile. Atakataa mwanzoni. Mwongezee kidogo kwenye vyumba hivyo viwili, atakubali, na safari nyingine utaita mtu mmoja badala ya watatu.

Na kwenye zabuni yako ijayo, usifiche gharama ya mafunzo ndani ya bei ya lipu. Iandike mstari wake: wanafunzi wawili, miezi mitatu, kiasi fulani. Baadhi ya waajiri wataufuta. Mashirika yanayojenga madarasa Terego na Madi Okollo, ambayo kila ripoti yao inazungumzia ajira kwa vijana, yatapata shida kuufuta mbele ya macho yako.